Jiwe Nalo Lina Neno

Katika sanaa zote ambazo mtu anaweza kuzianza asubuhi na kuzimaliza kabla ya chakula cha mchana, sijaona iliyo nyepesi kuliko kupaka mawe rangi. Haidai karo wala chuo, na karakana yake ni kivuli cha mgomba. Sisi tuishio chini ya Kilimanjaro tumejaliwa zaidi ya wengine, maana mlima wenyewe ndio mletaji wa vifaa. Mito ya Karanga, Weruweru, Rau, Kikafu na mingineyo imekuwa ikiyasukuma mawe kutoka juu kwa maelfu ya miaka, ikiyagonganisha na kuyalainisha, mpaka yanatufikia huku chini yakiwa yanatulia kiganjani kama yai. Rangi nayo si shida kubwa. Kila nyumba iliyojengwa karibuni ina kopo lililobaki robo, limesahauliwa juu ya dari la jiko. Aliyekosa brashi hutafuna kijiti mpaka kikatoa nyuzi. Basi, sanaa imekwisha anza.

Kwa sababu ya wepesi huo watu wamegawanyika makundi mawili. Wako wanaoidharau kazi hii na kuiita mchezo wa watoto waliokosa la kufanya wakati wa likizo. Wako pia wanaoisifu bila kikomo. Kwao kila jiwe lenye rangi ni zuri na kila aliyelipaka ni msanii. Mimi nayaona makundi haya kuwa ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa yote mawili hayalitazami jiwe. Kazi inayosifiwa bila kutazamwa imedharauliwa sawasawa na ile iliyotupwa jalalani. Kwa hiyo katika kurasa hizi nakusudia kuyahakiki mawe ya rangi kama vile tunavyohakiki kitabu au ngoma: kuuliza kila moja linataka kufanya nini, limefanikiwa kwa kiasi gani, na katika kufanya hivyo limetunyima nini. Msomaji atanivumilia nikiwa mkali kwa kitu kidogo. Macho ya watoto wetu hufundishwa na vitu vidogo kabla hayajakutana na vikubwa.

Nianze na mawe ambayo hakuna mtu anayeyaita sanaa. Ukitembea Moshi mjini, au ukipanda kuelekea Uru, Kibosho, Old Moshi au Marangu, utayaona mbele ya shule, zahanati, ofisi za kata na matawi ya chama: mawe yamepangwa mstari pande mbili za njia na kupakwa chokaa. Wengi wetu tuliopitia shule za msingi tumewahi kuyapaka, tukiwa tumevaa kaptura na kushika ndoo ya chokaa na kipande cha ufagio. Hupakwa upya kila mgeni mkubwa anapotarajiwa, na hasa Mwenge wa Uhuru unapokaribia kupita. Ni Mwenge ule ule ambao Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha juu ya Kibo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Nchi ilipozaliwa iliwasha taa juu ya jiwe refu kuliko yote Afrika, nasi tangu hapo tunaipokea taa hiyo kwa kuyang'arisha mawe madogo ya njiani.

Nikiyahakiki kwa haki, naona mawe ya chokaa yamefanikiwa. Hayadai makuu. Yanasema hapa ni njia, pale ni bustani, usikanyage. Na usiku usio na mwezi humwonyesha mpita njia ukingo wa mtaro. Lakini tuone gharama yake. Katika mstari ule hakuna jiwe hata moja unaloweza kulikumbuka. Refu na fupi, lenye matundu na laini, yote yamekuwa kitu kimoja cheupe. Uzuri ni wa mstari, kama ulivyo uzuri wa gwaride. Sioni ubaya, kwa sababu gwaride ni gwaride. Ubaya huja pale ambapo tabia hii ya chokaa, yaani tabia ya kulifunika jiwe ili lifanane na jirani yake, inapohamia kwenye jiwe lililokusudiwa kutazamwa peke yake. Hapo ndipo penye hoja yangu.

Kabla ya kwenda mbele yafaa tulifahamu jiwe lenyewe, kwani mafundi wengi hulipaka bila kujuana nalo. Kilimanjaro ni mlima wa volkeno, na vilele vyake vitatu, yaani Shira, Mawenzi na Kibo, vimejengwa kwa lava na majivu ya milipuko ya zamani. Mawe yake hayalingani. Yako yenye matundu kama mkate uliochachuka vizuri, kwa sababu lava iliganda huku hewa ikitoka ndani yake. Hayo hunywa rangi kama mchanga unywavyo maji, na mpakaji asiye na subira humaliza kopo kabla hajaona tofauti. Yako meusi, mazito na laini, ambayo hupokea vizuri rangi ya mafuta iwapo yamesuguliwa kwa brashi ya kufulia, kisha yakaanikwa juani siku kadhaa mpaka yakakauka kabisa. Jiwe lililotolewa mtoni na kupakwa siku hiyo hiyo litabanduka magamba kabla ya mwezi kuandama. Jiwe la kuwekwa ndani ya nyumba linatosheka na rangi ya maji. La kuwekwa nje lipewe rangi ya mafuta, au angalau vanishi juu yake.

Kisha iko aina nyingine, ambayo naiita fahari ya mlima huu. Ni jiwe jeusi au la kijivu lililojaa vipande vyeupe-vyeupe vyenye pembe nne, mfano wa uru katika karata (na wala sisemi Uru kwetu). Vipande hivyo ni fuwele. Zilikua polepole ndani ya uji wa moto ulipokuwa bado chini ya ardhi, kisha uji huo ukamwagika na kuganda ukiwa umezibeba. Wataalamu wa miamba hulijua jiwe hili kuwa ni la Kibo, na ingawa ndugu zake wapo kwingineko duniani, kama vile karibu na Oslo nchini Norway, si jiwe la kila mlima. Ni jiwe lililokuja likiwa limekwisha tiwa nakshi.

Sasa twende mjini. Katika mitaa ya Moshi ambako wageni hupita wakienda au wakitoka mlimani, vijana huuza vinyago, shanga, fulana, picha na, miongoni mwa hivyo, mawe ya rangi. Nimesimama mara nyingi mbele ya meza ya kijana mmoja nikimwangalia anavyofanya kazi. Hapaki jiwe moja likaisha. Huyapanga ishirini na kuyapiga yote rangi nyeupe ya chini. Yakikauka huyapiga bluu ya anga. Kisha huweka Kibo ishirini, theluji ishirini, miti ishirini ya mgunga na twiga ishirini. Mwisho huandika jina la mlima na urefu wake, mita 5,895. Mkono wake ni mwepesi na hautetemeki. Shingo ya twiga anaimaliza kwa mapigo mawili ya brashi, na twiga anasimama. Hilo si jambo la kubeza. Wapo waliosoma sanaa miaka mitatu wasioweza kumsimamisha twiga hivyo.

Hata hivyo, hebu tulitazame jiwe lake kwa makini. Mlima aliouchora una kilele cha Mawenzi upande wa kushoto wa Kibo. Mtu yeyote aliyeamka Moshi asubuhi isiyo na mawingu anajua kwamba sisi tunaiona Mawenzi upande wa kulia. Anayeiona kushoto ni yule aliyesimama kaskazini, upande wa Amboseli nchini Kenya, ambako wapiga picha wamezoea kuuweka mlima nyuma ya twiga na tembo. Kijana amezaliwa chini ya mlima, anauona kila siku ya Mungu unapofunguka, lakini mlima anaouza ni ule wa kadi ya posta iliyopigwa nchi jirani. Migomba haimo, wala kahawa, wala msitu, wala ule mkanda wa wingu unaokaa kiunoni mwa mlima tangu saa nne. Na jiwe lenyewe liko wapi? Limezikwa chini ya rangi nyeupe. Lingekuwa kipande cha saruji, mgeni asingejua.

Nilimweleza hayo kwa upole, maana tunafahamiana. Akanijibu bila kuacha kupaka: "Mwalimu, wewe unasema sanaa, mimi nasema ada ya mtoto."

Jibu hilo ni zito, na mhakiki asiyelipima hafai kusikilizwa. Si haki mtu mwenye pensheni kumfundisha njaa mtu mwenye familia. Mgeni ana siku moja mjini, mkoba wake umejaa, anataka kitu kidogo kitakachosema kwamba alifika, kijana anampa. Biashara hiyo ni halali na safi. Lakini upole una mpaka wake. Tukisema kwamba kazi ya maskini isihakikiwe kwa sababu ni maskini, tumemtoa katika hesabu ya mafundi na kumweka katika hesabu ya waombaji. Mimi nilikataa kumweka huko. Nikaendelea kuyatazama mawe yake moja moja.

Pembeni mwa meza, nyuma ya vinyago, palikuwa na jiwe ambalo halikufanana na mengine. Lilikuwa la aina ile yenye fuwele, jeusi, la mviringo mrefu, limeinuka kidogo upande mmoja. Mwilini halikupakwa kitu. Upande ulioinuka kijana alikuwa ameweka jicho, kidoa cha bluu, mstari mwekundu wa shavu na ncha ya mdomo, basi. Alikuwa kanga, ndege kanga, amejikunyata vumbini. Madoa yake yote yalikuwa ni fuwele za Kibo. Kijana hakuyachora, aliyaona tu, akajua la kuongeza na, lililo gumu zaidi, akajua pa kuachia.

"Na hili?" nikamwuliza.

"Hilo limekaa hapo tangu masika, Mwalimu. Wageni wanalishika, wanacheka, wanalirudisha. Halijaandikwa mlima."

"Unauza kiasi gani?"

Akalitazama, akafikiri. "Wewe nipe nusu ya bei ya haya mengine. Hilo halikula rangi."

Nimelifikiri jibu hilo kuliko lile la ada. Jiwe pekee katika meza ile lililobeba mlima kweli, kwa maana ya kwamba lisingeweza kutengenezwa kwa jiwe la mahali pengine popote, ndilo lililokosa mnunuzi kwa sababu halikuandikwa jina la mlima. Na fundi wake mwenyewe alilipunguzia thamani kwa kuwa alipima kazi kwa kiasi cha rangi iliyotumika. Nilimlipa bei kamili, nikamweleza kwamba nalipia jicho lake. Akazipokea fedha kwa tabasamu la mtu anayemhurumia mzee. Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika meza ile niliona kinyume chake. Chema hukaa kikangoja mtu mwenye macho, na asipotokea, fundi huacha kukitengeneza.

Kutokana na jiwe lile nimepata kipimo ambacho nakitumia hadi leo. Naliuliza jiwe lililopakwa: je, mchoro huu ungehamishiwa kwenye sahani, au kwenye fulana, ungepoteza kitu? Kama haupotezi, basi jiwe limetumika kama ubao tu. Twiga wa kijana akihamia kwenye fulana atabaki twiga yule yule. Kanga akihamishwa, anabaki jicho na mdomo vinavyoelea hewani.

Kuna watakaosema kosa la mawe ya mjini ni haraka, na kwamba haraka haraka haina baraka. Nakataa. Katika pango la Mas d'Azil, kusini mwa Ufaransa, Édouard Piette alichimbua mwishoni mwa karne ya 19 kokoto bapa za mtoni zilizopakwa rangi nyekundu ya udongo na watu walioishi zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Juu ya kokoto hizo mna vidoa na mistari, basi. Kila moja yaweza kuwa ilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Lakini vidoa vimepangwa kwa kufuata urefu wa kokoto, na jiwe limeachwa lionekane kati ya kidoa na kidoa. Hakuna aliyethubutu kuzitupa kwa kuwa zilifanywa upesi.

Wala hatuna haja ya kwenda Ufaransa. Nchini mwetu, katika miamba ya Kolo na maeneo jirani, kaskazini ya mji wa Kondoa, iko michoro ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mary Leakey aliinakili kwa bidii mwaka 1951, na mwaka 1983 kazi hiyo ikatolewa kuwa kitabu. Utawaona watu warefu wembamba, pofu, twiga na tembo, wengi wao kwa rangi nyekundu inayotokana na udongo wenye madini ya chuma. Twiga yumo huko pia, tena mzee kuliko wa kadi ya posta. Tofauti ni kwamba mchoraji wa Kondoa hakuupaka mwamba wote rangi ya anga kwanza. Aliweka umbo la mnyama tu, na mwamba wenyewe ukabaki kuwa mbuga, anga na mwanga wa jioni. Aliuamini mwamba.

Vivyo hivyo haraka haikuwa kosa la Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na vifaa vya chuo. Alitumia mbao za dari na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akauzia watu pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifanya upesi kwa sababu alitaka kula. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kazi yake ikiwa na umri wa miaka minne tu, na ndugu na wanafunzi wake wakaiendeleza mpaka wakaunda chama chao cha ushirika mwaka 1990. Nizitazamapo kazi zake mwenyewe naona rangi ile ya baiskeli imeruhusiwa kuwa yenyewe: inang'aa, ni nzito, haichanganyiki kwa urahisi, basi naye akachora maumbo makubwa yaliyo wazi. Alikubaliana na kifaa chake. Wengi waliomfuata walichukua tembo wake, wakaacha makubaliano yake na ubao.

Hapa yanipasa kumtaja mwenyeji wetu. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma Makerere, ndiye aliyechora zile picha kubwa za ukutani katika kanisa la Murang'a nchini Kenya, ambamo habari za Injili zinatokea katika mandhari ya Kiafrika. Katika miaka ya 1960 alianzisha nyumba ya sanaa ya Kibo huko Marangu, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Fundisho lake lililojulikana zaidi lilikuwa onyo dhidi ya kunakili; kwake kunakili kulikuwa ni kumlaza Mungu usingizi. Zamani nililiona onyo hilo kuwa la wasomi. Mbele ya Mawenzi iliyogeuzwa kushoto nimeliona kuwa ni la kila siku. Mtu anayenakili kadi ya posta huku amegeuzia mlima kisogo hajavunja sheria yoyote. Amejinyima tu kitu kilichokuwa chake bure.

Nimesema kwamba macho ya watoto yamo hatarini katika jambo hili. Nitoe mfano wa nyumbani. Mjukuu wangu wa kike, alipokuwa na miaka saba, alirudi na jiwe walilopaka darasani. Ilikuwa bendera ya Taifa, imepakwa vizuri, na nyuma yake ina alama ya vema ya mwalimu. Darasa zima walipaka bendera, na zote zililingana. Simlaumu mwalimu huyo. Mwenye watoto wengi, brashi chache na kipindi kifupi hutafuta kazi ambayo kila mtoto ataimaliza na ambayo yeye anaweza kuisahihisha. Bendera inasahihishika, ukiweka njano mahali pa bluu, umekosa. Lakini kwa kipimo changu bendera ile ni mali ya kitambaa, na jiwe limeiazima.

Jumamosi iliyofuata mtoto huyo aliokota jiwe kando ya mfereji, la kijani kibichi kwa ukungu na lenye mabaka. Aliligeuza na kuligeuza muda mrefu kuliko alivyotumia kulipaka. Kisha akapaka tumbo lake jeupe, akaweka macho mawili, akaliweka kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa chura.

Mama yake akasema, "Mbona juu hujapaka? Malizia kazi yako."

Mtoto akashangaa. "Juu amekwisha pakwa, mama."

Mama yake si mtu asiyependa sanaa. Alikuwa anamfundisha mtoto kukamilisha kazi, jambo jema. Lakini laiti mtoto angetii, angelifunika ukungu ule kwa kijani cha kopo, na angejifunza kwamba kumaliza maana yake ni kufunika. Somo hilo likishaingia halitoki kwa urahisi. Huhamia katika barua, katika hotuba, katika nyumba tunazojenga vihambani kwa kung'oa kila kitu kilichokuwepo ili tuanze na uwanja mtupu. Nilimwomba mama amwache, naye akamwacha. Ukungu ulikauka ndani ya wiki mbili na chura akawa wa kahawia. Mtoto hakulia, alisema amezeeka.

Yabaki mawe yenye maneno. Huko Marekani, katika pwani ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts, ilianza mwaka 2015 desturi ya kuandika maneno mafupi ya faraja juu ya kokoto na kuziacha njiani ili mpita njia mwenye huzuni aziokote. Nayo imeenea nchi nyingi. Mwaka 2020, Korona ilipowafungia watu majumbani, watoto wa Uingereza waliyapanga mawe ya rangi kando ya njia yakawa nyoka mrefu, kila mmoja akiongeza la kwake. Nia hizo naziheshimu. Kwa upande wa uhakiki nasema hivi: neno juu ya jiwe hupata uzito wa jiwe, kwa hiyo lichaguliwe. Yale mawe ya Moshi yaliyoandikwa Hakuna Matata hayana ukweli wowote, maana aliyeyaandika ana matata tele. Yaliyoandikwa Pole Pole nayaona ya kweli zaidi, kwani hilo ndilo neno ambalo waongoza wageni na wapagazi hulisema kweli wakipanda, na jiwe nalo limefika mtoni kwa mwendo huo huo.

Aidha, tutofautishe jiwe na mwamba. Jiwe la mkononi ni la aliyeliokota. Akiliharibu, amejiharibia mwenyewe. Mwamba uliosimama ni wa wote, pamoja na wasiozaliwa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973, jiwe huachwa mahali pake bila kuandikwa. Anayekwaruza jina lake kwenye mwamba ili watu wajue kuwa alipita, au anayeandika juu ya michoro ya Kondoa, asijifananishe na wale wachoraji wa kale. Wao hawakutuachia hata jina moja.

Basi sisemi kazi hii iachwe, wala iwe ngumu. Iendelee kuwa nyepesi, kila mwenye mto jirani na robo kopo aianze hata kesho. Mzazi ampe mtoto muda wa kuligeuza jiwe kabla hajampa brashi. Mwalimu akiweza, katika vipindi kumi aache kimoja kisichosahihishika. Na wewe mnunuzi, uwe mgeni au mwenyeji aliyerudi kihambani mwezi wa Desemba, ukisimama mbele ya meza ya mawe mjini Moshi usianze na bei. Mwulize fundi jiwe limetoka mto gani, na kwa nini alichagua hilo. Akiweza kukujibu, mlipe bei kamili, hata kama halikula rangi.